Bei ya Kotesheni na Bili ya Umeme: Jinsi ya Kulinganisha Bloa za Kiwanda kabla ya Kununua

Anayenunua mashine ya kupuliza hewa (bloa) kwa ajili ya kiwanda huwekewa kotesheni tatu mezani, na jicho lake huenda moja kwa moja kwenye jumla iliyo chini ya ukurasa. Ni jambo la kueleweka, kwa kuwa hizo ndizo pesa zitakazotoka benki mwezi huu. Hata hivyo, bloa inayofanya kazi usiku na mchana inaweza kula umeme wa thamani ya bei yake kabla ya mwezi wa tatu kwisha, kisha ikaendelea hivyo kwa miaka kumi au zaidi. Tatizo huanzia kwenye mgawanyo wa kazi: afisa ununuzi husifiwa kwa kupunguza bei, ilhali bili ya umeme huangukia idara nyingine ambayo haikuulizwa lolote. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuunganisha gharama hizo mbili katika hesabu moja. Utawafaa wenye viwanda vya Enterprise Road, Lunga Lunga Road, Baba Dogo na Mombasa Road jijini Nairobi, pamoja na kamati za mitaa ya nyumba zenye mitambo yake ya kusafisha majitaka.

Kazi ijulikane kwanza

Kabla ya kuomba bei yoyote, andika mambo matatu: kiasi cha hewa kinachohitajika kwa saa, shinikizo linalohitajika pale hewa inapotoka, na idadi ya saa ambazo mashine itafanya kazi kwa mwaka. Bila hayo, kotesheni tatu zitakuwa za mashine tatu zisizolingana.

Katika tangi la majitaka, shinikizo hutokana hasa na kina cha maji, kwa kuwa kila mita moja ya maji juu ya visambaza hewa, yaani vifaa vya chini ya tangi vinavyotoa hewa kama viputo, huhitaji takriban kilopaskali 9.8 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo). Visambaza hewa vikiwa mita 4.5 chini ya uso wa maji, bloa inahitaji kilopaskali 44 kabla hata kiputo kimoja hakijatoka, na ukijumlisha upinzani wa mabomba, valvu na utando wa visambaza hewa vyenyewe, unakaribia 50. Katika kazi ya kukausha chupa au kusafirisha chembechembe za plastiki, upinzani hutokana na bomba na kona zake, na njia bora ni kuupima kwa geji kwenye mtambo uliopo badala ya kuukisia.

Jihadhari na ukubwa unaorundikwa juu ya ukubwa. Msanifu huongeza kiasi cha tahadhari, mkandarasi akaongeza chake, na muuzaji naye akachagua saizi inayofuata katika katalogi. Mashine ikishafungwa, fundi hulazimika kuifungua valvu ya kumwaga hewa iliyozidi, na hewa inayomwagwa pale nje imekwisha kulipiwa umeme. Kwa maoni yangu, kosa hili hugharimu viwanda vingi zaidi kuliko kuchagua aina mbaya ya bloa, na halionekani katika kotesheni yoyote.

Kuhusu saa, uwe mkweli. Mwaka mzima una saa 8,760, na mtambo wa majitaka usiolala unaweza kuhesabiwa saa 8,000 baada ya kutoa muda wa matengenezo na zamu ya bloa ya akiba. Kiwanda cha zamu moja kwa siku za kazi hakizidi sana saa 2,000. Kama tutakavyoona, tofauti hiyo peke yake inaweza kugeuza uamuzi wote.

Hewa ya Nairobi ni nyepesi

Sehemu hii inastahili uangalifu kuliko nyingine zote, kwa sababu katalogi nyingi zinazotufikia zimeandikwa kwa ajili ya watu walio karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo. Shinikizo la hewa hapa ni takriban kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101, na kwa joto la nyuzi 20 mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa takriban kilo 1 badala ya kilo 1.2. Bakteria wa majitaka hawahitaji ujazo wa hewa bali oksijeni iliyomo. Ili bloa ya Nairobi ipeleke oksijeni ileile inayopelekwa na mita za ujazo 1,000 pwani, inapaswa kuvuta takriban mita za ujazo 1,220.

Kwa hiyo, muulize muuzaji kwa maandishi: mita za ujazo unazozitaja zimepimwa katika hali gani? Akikujibu kuwa ni za hali ya kawaida, yaani zilizokokotolewa kwa hewa ya usawa wa bahari, mtake azibadilishe ziwe za hewa inayoingia mashineni hapa, kwa shinikizo na joto la hapa. Wauzaji wawili wanaweza kuandika nambari ileile huku mmoja akiwa anakupa hewa pungufu kwa karibu moja ya tano.

Mwinuko huathiri pia joto. Kuongeza kilopaskali 50 juu ya 101 ni kuikandamiza hewa kwa uwiano wa takriban 1.5, lakini kuziongeza juu ya 83 ni uwiano wa 1.6, na hivyo hewa hutoka ikiwa na joto zaidi. Aidha, mota nyingi za umeme hukadiriwa uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, kwa sababu hewa nyepesi haiipozi mota vizuri. Muuzaji ambaye hajaulizia mwinuko wa kiwanda chako kabla ya kukupa bei hajakamilisha kazi yake.

Pima umeme unaoingia

Kibao cha mota kikiandikwa kilowati 30, hiyo ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwenye shafti yake ikibebeshwa mzigo kamili. Si kiasi cha umeme unaotozwa. Unachohitaji ni kilowati zinazoingia kutoka kwenye laini mashine ikiwa kazini, kwa kiasi cha hewa na shinikizo lako, pamoja na kila kinachotumia umeme ndani ya kabati lake: kidhibiti kasi, feni ya kupoza na pampu ya mafuta ikiwapo.

Kama una bloa ya zamani unayotaka kuibadilisha, ipime leo. Fungua paneli ukiwa na fundi aliyesajiliwa, zungusha klampu mita kwenye waya mmoja mmoja wa fezi tatu, na uandike ampea za kila mmoja. Tuseme wastani ni ampea 43, volti baina ya fezi ni 415, na kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, ni 0.84. Zidisha 1.732 kwa 415, kwa 43, kisha kwa 0.84, upate wati 25,962, yaani takriban kilowati 26. Ampea za fezi moja zikitofautiana sana na za nyingine, kuna hitilafu ya kutafutwa kabla ya kulinganisha chochote. Angalia pia historia ya mota yenyewe: mota iliyosukwa upya bila uangalifu, kwa waya mwembamba au baada ya kuunguzwa kwa joto lisilodhibitiwa, hupoteza sehemu ya ufanisi wake bila kutoa dalili yoyote inayoonekana kwa macho.

Bei halisi ya uniti

Usichukue kiwango cha nishati kilichoidhinishwa na EPRA, mdhibiti wa nishati nchini, ukadhani ndiyo bei yako. Bili ya Kenya Power ya mteja wa viwandani ina tozo ya uniti (kilowati moja kwa saa moja), tozo ya mahitaji ya juu kwa kila kVA, yaani kwa mzigo mkubwa kabisa uliovutwa, gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, pamoja na tozo za umma. Kipengele cha nguvu kikishuka chini ya 0.9, faini huongezwa juu yake. Chukua bili za miezi kumi na miwili, ondoa VAT ya asilimia 16 ikiwa kampuni yako hurejeshewa, kisha gawanya jumla kwa uniti zote. Mwezi mmoja hautoshi kwa sababu baadhi ya tozo hizo hubadilika kila mwezi. Ikiwa kiwanda chako kimekubaliwa katika mpango wa punguzo la saa za mzigo mdogo, na bloa hufanya kazi zaidi usiku, tenganisha hesabu ya usiku na ya mchana.

Kumbuka pia umeme wa jenereta. Jenereta ya dizeli hutumia takriban theluthi moja ya lita kwa kila uniti, na kwa hiyo saa za kukatika kwa umeme zina bei yake ya pekee.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kukokotoa, kwa shilingi 20 kwa uniti. Weka nambari zako mahali pa hizi.

Bloa ya kwanza inauzwa shilingi 900,000, inavuta kilowati 26, na matengenezo yake ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Ya pili inauzwa 1,900,000, inavuta kilowati 21 kwa kazi ileile, na matengenezo yake ni 180,000. Kwa saa 8,000 kwa mwaka, ya kwanza hutumia uniti 208,000, yaani shilingi 4,160,000. Ya pili hutumia uniti 168,000, yaani 3,360,000. Tofauti ya umeme ni 800,000 kwa mwaka, na ukitoa 60,000 za nyongeza ya matengenezo, faida inayobaki ni 740,000. Milioni moja ya ziada iliyolipwa mwanzoni inarudi kwa takriban miezi 16.

Kwa miaka kumi, bila kuhesabu riba, bloa ya kwanza inagharimu takriban shilingi milioni 43.7 na ya pili milioni 37.3. Katika hizo 43.7, bei ya kununulia ni kama asilimia 2 tu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kikao cha ununuzi huibishania asubuhi nzima.

Mhasibu atasema, na atakuwa sahihi, kwamba shilingi ya mwaka wa tisa haina thamani ya shilingi ya leo. Kama kampuni yako hukopa kwa asilimia 14, faida ya shilingi moja kila mwaka kwa miaka kumi ina thamani ya shilingi 5.22 leo. Faida ya 740,000 ina thamani ya takriban milioni 3.86 leo, dhidi ya milioni moja ya ziada. Jaribu pia bei nyingine za umeme. Kwa shilingi 16 kwa uniti, tofauti ya umeme inashuka hadi 640,000, na kwa shilingi 25 inapanda hadi milioni moja. Uamuzi haubadiliki katika hali zote mbili, na hivyo unaweza kuutetea mbele ya bodi.

Sasa iweke mashine hiyohiyo katika kiwanda cha zamu moja, saa 2,000 kwa mwaka. Tofauti ya umeme inakuwa shilingi 200,000. Tukikadiria kuwa nyongeza ya matengenezo imepungua hadi 30,000, zinabaki 170,000, ambazo thamani yake leo ni takriban 887,000. Hazifiki milioni. Hapa bloa ya bei nafuu ndiyo chaguo sahihi, na mtu anayekushawishi ununue ya gharama kwa jina la kuokoa umeme anakuingiza hasara. Ndiyo maana ninasisitiza idadi ya saa.

Ipo njia ya mkato inayosaidia sana katika kikao cha tathmini. Kilowati moja inayotumika saa 8,000 kwa mwaka kwa shilingi 20 ni shilingi 160,000 kwa mwaka, na kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka kumi ina thamani ya takriban shilingi 835,000 leo. Kokotoa nambari hiyo kwa hali yako, kisha iandike ndani ya hati ya zabuni: kila kilowati inayozidi ya mshindani bora itaongezwa kwenye bei ya mzabuni kwa kiasi hicho. Wauzaji wakijua mapema kwamba hivyo ndivyo watakavyopimwa, huleta mashine tofauti na zile ambazo wangeleta.

Aina ya bloa na kidhibiti kasi

Bloa ya lobu, ile yenye rota mbili zinazozunguka bila kugusana, ni imara, mafundi wengi wanaifahamu, na huvumilia shida. Udhaifu wake ni kwamba haiikandamizi hewa ndani yake, bali huisukuma tu dhidi ya shinikizo la nje. Kwa mita za ujazo 1,000 kwa saa na kilopaskali 50 hapa Nairobi, kazi yake ya kinadharia ni kilowati 13.9, ilhali mashine inayoikandamiza hewa ndani kabla ya kuitoa, kama ile ya skrubu, ingehitaji kilowati 11.6. Pengo hilo hupungua shinikizo likiwa dogo, kwa hiyo kwa kazi ya kilopaskali 20 usilipie skrubu kwa sababu hiyo peke yake. Bloa za tabo (turbo) zenye beringi za hewa, ambazo shafti yake huelea juu ya hewa, zina ufanisi mzuri kwa kiasi kikubwa cha hewa, lakini zinahitaji umeme uliotulia, chumba kisicho na vumbi, na mtaalamu ambaye huenda hayupo mjini.

Kuhusu kidhibiti kasi, utaambiwa kwamba kupunguza kasi kwa asilimia 20 hupunguza umeme kwa karibu nusu. Hilo ni kweli kwa feni ya sentrifugali inayoshindana na upinzani wa bomba pekee, kwa kuwa umeme wake hufuata kipeo cha tatu cha kasi, na 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Si kweli kwa bloa ya lobu inayopuliza chini ya mita 4.5 za maji. Maji hayapungui kina kwa sababu umepunguza kasi, na umeme hushuka kwa takriban kiwango kilekile cha kasi, si zaidi. Bado inaweza kufaa pale mahitaji yanapobadilika, kama mtaa wa nyumba ambao majitaka yake hupungua usiku wa manane. Pale bloa inapofanya kazi kwa kasi moja mwaka mzima, kidhibiti kasi hupoteza asilimia chache za umeme bila kurudisha kitu, ingawa husaidia kupunguza ampea za kuwasha, ambazo kwa kuwasha moja kwa moja huwa mara sita au saba ya zile za kawaida na hulazimisha jenereta kubwa.

Matengenezo na vipuri

Kichujio ndicho kitu kidogo kinachogharimu sana. Kichujio kilichozibwa na vumbi hadi kikaleta upinzani wa kilopaskali 5 huongeza umeme wa bloa ya lobu ya kilopaskali 50 kwa takriban asilimia 10. Katika mfano wetu, hizo ni shilingi 416,000 kwa mwaka, na hewa inayofika tangini bado imepungua. Dai geji ya kuonyesha upinzani wa kichujio iwe sehemu ya bei. Vivyo hivyo, visambaza hewa vilivyoziba hupandisha shinikizo na bili bila mtu kubadilisha chochote mashineni.

Mikanda, mafuta na beringi za kawaida hupatikana mjini siku hiyohiyo. Kadi ya kielektroniki au rota ya kubadilisha huenda ikaja kwa meli kupitia Mombasa, na wiki hizo za kusubiri ni sehemu ya gharama ya maisha ya mashine. Uliza bei ya vipuri vitano vikubwa, na muda wa kuvipata, kabla ya kusaini.

Kuiweka katika mkataba

Ahadi ya ufanisi isiyoandikwa haina thamani. Mkataba utaje kilowati zinazoingia kwa kiasi cha hewa na shinikizo lililokubaliwa katika hali ya Nairobi, kanuni ya upimaji itakayofuatwa, kama ISO 1217 kwa bloa za lobu na skrubu, na mkengeuko unaoruhusiwa. Zuia sehemu ya malipo, kwa mfano asilimia 10, hadi kipimo kifanyike kiwandani kwako ukiwapo, na uweke fidia kwa kila kilowati iliyozidi kwa ile thamani uliyokwisha kuikokotoa.

Siku ya kipimo, andika ampea za kila fezi, volti, shinikizo, joto la hewa inayotoka na upinzani wa kichujio kikiwa kipya, kisha ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa paneli. Ihifadhi nakala pia ofisini. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na bloa ya kwanza katika mfano wetu inavuka kiwango hicho peke yake. Mkaguzi akifika, iwe ni wa kujitegemea au ametoka katika kituo cha nishati cha Chama cha Watengenezaji Bidhaa cha Kenya, vipimo vya siku ya kwanza ndivyo atakavyoviomba kabla ya kingine chochote.